Barua kwa mwanangu: miche minne ya sabuni

Mwanangu,

Marahaba. Ujumbe wako alinisomea mdogo wako, kisha nikavaa miwani nikausoma tena mwenyewe, maana sikuamini kama umeandika ulivyoandika. Unaniuliza upunguze nini kwanza, kwa kuwa mkataba wa mumeo haukuongezwa na sasa mshahara wako peke yake ndio unaobeba kodi, ada na matumbo ya watu watano. Tena unataka upunguze bila watoto kujua. Unauliza, "Ninyi miaka ile mliishije, na mbona mlikuwa mnacheka?" Halafu huko chini kabisa, kama mtu anayepitisha kitu mlangoni kimyakimya, unataja kijiakiba chako ambacho Baba Neema hakijui.

La kupunguza nitakujibu. Ila usingizi umenikosesha hilo la chini.

Kwanza elewa kwamba dhiki yetu na yenu si ndugu. Tulipotoka kwenye vita vya Kagera mwaka 1979, Mwalimu Nyerere alituambia tufunge mikanda miezi 18. Tukafunga. Miezi 18 ikaisha, mikanda ikabaki palepale, na wengine tukaongeza tundu. Mshahara wa marehemu baba yako ulikuwa wa mwalimu wa shule ya msingi, mdogo, lakini ilitokea hela ikalala ndani kwa kukosa cha kununua. Rafu za duka zilikuwa nyeupe. Sukari, sabuni, mafuta ya kula, khanga, vyote hadi jina lako liitwe duka la kaya, na ukiitwa unakuta mbele yako foleni imezunguka hadi nyuma ya ofisi ya kata. Leo wewe ukitoka mlangoni kila kitu kipo, kimepangwa, kinakutazama, na wewe ndiye huna. Naona yenu ina aibu ndani yake, yetu haikuwa nayo. Mtoto wangu alivaa katambuga za tairi, na mtoto wa jirani katambuga za tairi. Nani amcheke nani?

Kwa hiyo ukiuliza mbona tulicheka, sehemu ya jibu ni hiyo. Sina uhakika kama ni sifa yetu.

Lakini tulicheka kweli. Ulikuwa mdogo, hukumbuki unga wa yanga, ule wa mahindi ya njano ya msaada kutoka Marekani. Ugali wake ulikuwa na rangi ya kiini cha yai na harufu ambayo ukiizoea unaisahau, usipoizoea unalala njaa. Baba yako Simba wa damu. Siku ya kwanza niliposonga alikaa, akanawa, akautazama ule ugali kwa muda, akasema, "Mama Juma, leo unataka nimle Yanga?" Akala. Tangu siku hiyo kila tonge ilikuwa bao. Kaka yako akihesabu kwa sauti, saba bila, nane bila, na siku Simba walipofungwa kweli baba yako aliomba aongezewe.

Na majani ya mpapai unayakumbuka? Unachuma mabichi, unayafikicha kwenye beseni la maji hadi yatoe povu la kijani, unalowekea khanga na kaptula, unasugua. Jasho linatoka. Nguo nyeupe sikuthubutu kuzitia humo. Kwa hiyo kipande cha sabuni, kikipatikana, kilikuwa cha shati la baba yako la kazini na nepi zako, basi. Kikibaki chembamba kama ukucha nakibandika juu ya kipya. Nakwambia haya ili ujue sabuni ilikuwa nini ndani ya nyumba, maana nakuja kwenye sabuni.

Unajua nisemavyo siku zote: nyumba ni ya anayejua kilichobaki. Si ya anayeleta, si ya anayepika. Anayejua kwenye debe kuna vibaba vingapi, huyo ndiye mwenye nyumba. Ndiyo maana kijiko cha sukari nilimpa kaka yako akiwa na miaka saba. Alikuwa mkali kuliko afisa biashara. Anachota, anapitisha kidole juu ya kijiko ili kisizidi, kidole analamba, ndio ulikuwa mshahara wake. Bibi yako alipokuja kututembelea akaomba kijiko cha pili, mtoto akamwambia, "Bibi, mpaka Alhamisi." Mama mkwe wangu alinitazama mimi! Lakini kaka yako hakuwahi kulilia sukari tena, kwa sababu alijua iliyobaki. Sasa wewe unataka kubana matumizi watoto wasijue. Watajua, mwanangu. Wataona nyama imepungua, na usipowaambia ni kwa nini watatunga sababu yao wenyewe, na ya mtoto huwa mbaya kuliko ya kweli. Neema ana miaka kumi na minne, mpe daftari la matumizi alishike. Atakukatia mambo ambayo wewe hungethubutu kuyakata.

Sasa sabuni.

Mwaka 1983 mama yako mdogo alikuwa anaolewa, huyu wa Kilosa. Harusi haifanyiki bila sabuni: wageni wanalala, mashuka, vyombo, bi harusi mwenyewe. Nikaanza kudunduliza mapema. Kila mgao ukitoka, sehemu yetu naikata kwa uzi, robo tunatumia, robo tatu naweka. Mgao mwingine nilibadilishana na jirani kwa mayai. Hatimaye nikawa na miche minne. Nikaifunga kwenye magazeti ya Uhuru, nikaitia chini ya sanduku langu la khanga. Sabuni ikikaa inakauka, na iliyokauka haiishi upesi majini, hilo lijue hata leo. Nilikuwa nikifungua sanduku harufu inanipanda puani, nasikia nimetajirika.

Baba yako sikumwambia. Alikuwa balozi wa nyumba kumi. Majina ya mgao yalipita mikononi mwake, na alikuwa mtu ambaye mgao ukipungua wa kwanza kukosa ni sisi, ili asisemwe. Ningemwambia nina miche minne angeipeleka kwa mwenye msiba, au kwa mzazi, au angeirudisha dukani siku hiyohiyo. Namjua. Nilimjua.

Mwezi Machi Waziri Mkuu Sokoine akaanza kuwasaka walanguzi na wahujumu uchumi. Redio Tanzania kila jioni ni hayo. Wenye mali zilizofichwa wakawa wanazitupa usiku, vichakani, mitoni, na walioko Dar es Salaam baharini. Ukipita asubuhi unasikia mtu ameokota vitambaa kwenye mtaro. Hapa Morogoro mgambo wakaanza kupita nyumba kwa nyumba. Na baba yako, kama balozi, ndiye aliyewatangulia.

Jioni moja anatafuta cheti chake cha ualimu, akafungua sanduku langu. Mimi nilikuwa jikoni, nikasikia kimya. Wewe unajua kimya cha baba yako. Hakunigombeza. Alikula, akasikiliza taarifa ya habari, tukalala. Usiku wa manane nikashtuka upande wake hauna mtu. Nikatoka nje na kibatari. Amesimama mlangoni kwa choo cha shimo, gazeti la Uhuru limekunjwa vizuri kwapani, kama mtu aliyekwenda kusoma. Nikamuuliza, ziko wapi? Akasema, "Hii ni nyumba ya balozi." Hilo tu. Miche yote minne.

Kwa wiki nzima choo chetu kilinukia sabuni kuliko sisi wenyewe.

Nimeishi na mtu yule tangu 1974 hadi tulipomzika, na ukiniuliza ni siku gani nilikaribia kurudi kwetu, ni hiyo. Zile sabuni sikulangua. Ilikuwa ni haki yetu, tuliyojinyima sisi, kipande kwa kipande, ngozi za mikono yangu ndizo zilizolipa kwa majani ya mpapai. Mgambo angekuta miche minne kwa mtu mwingine angeuliza, na mtu angeeleza habari ya harusi, yangeisha. Huenda yangeisha. Mtaa wa pili mzee mmoja alichukuliwa kwa mifuko ya sukari, na kwake ilikuwa mingi, ndiyo, lakini siku zile nani alikuwa anakaa kupima mingi na michache? Baba yako alikuwa ameingia nyumba za watu na mgambo siku hiyohiyo. Angesimamaje kwenye mlango wa jirani huku sanduku la mkewe linanukia? Haya, hapo namwelewa. Lakini kwa nini chooni! Angempa mama yangu. Angezikata vipande akagawa mtaani usiku, watu wangemwombea dua. Mtu aliyekuwa anaokota punje ya mchele mkekani, anatupa sabuni chooni.

Harusi ilifanyika. Mashuka tulifua kwa mpapai, yakatoka na umanjano, na wageni wakasema ni mashuka mapya ya rangi. Mama yako mdogo mpaka leo hajui kisa hiki, na usimwambie.

Tarehe 12 Aprili mwaka uliofuata Sokoine akafariki kwa ajali ya gari pale Dakawa, si mbali na kwetu kwa barabara ya Dodoma. Baba yako alilia kama mtoto. Nami nililia, alikuwa kiongozi mwenye uchungu na watu, nililia kweli, na katikati ya machozi nikaiona sabuni yangu. Ndivyo binadamu alivyo. Baadaye akaja Mzee Mwinyi na ruksa yake, maduka yakajaa. Baba yako hadi anakufa hakuwahi kununua mche mzima. Alirudi na kipande, kila mara kipande, dukani wanamcheka. Mimi ukija leo ukiinama chini ya kitanda changu utaikuta katoni.

Utaniambia: Mama, wewe si ndiye unayesema nyumba ni ya anayejua kilichobaki? Basi Baba hakujua. Nimelifikiria hilo kabla yako, usidhani umenikamata. Kuna wakati nasema angejua tangu kipande cha kwanza, angezoea kukiona, asingeshtuka. Kuna wakati nasema angejua tangu kipande cha kwanza, kisingepatikana cha pili. Yote mawili ni kweli na hayakai kwenye chungu kimoja. Mumeo si baba yako. Si balozi wa mtu, hana mgambo wa kumtangulia. Lakini ni mwanaume aliyepoteza kazi, na mwanaume wa hivyo akikuta fedha chini ya khanga hasomi kiasi, anasoma sababu ya kumficha. Tena nawe una haki. Mwanamke asiye na akiba yake anaomba hata nauli ya kwenda kumzika mzazi. Nimeyaona. Kwa hiyo sikwambii mwambie wala sikwambii usimwambie. Ulimi unaniwasha, lakini sikwambii.

La kupunguza: acha kwanza kununua vya kupimiwa. Mafuta ya kibaba, mkaa wa kopo, unga wa nusu kilo, hivyo vinamla maskini kuliko nyama. Anza na kimoja, mwezi huu mkaa wa gunia, mwezi ujao mafuta ya dumu. Ada ongea na shule mapema kabla hawajakuita. King'amuzi hicho zima, mtaongea. Michango ya harusi toa kidogo lakini toa, msibani nenda mwenyewe hata mikono mitupu. Na usimpunguzie mumeo chai ya asubuhi kwa kuwa hatoki kwenda kazini, nakuomba sana.

Nimekutumia mchele wa Ifakara na maharage, vinapanda basi Jumatano hapa Msamvu. Kwenye kiroba nimeandika jina na namba ya mumeo, siyo yako. Yeye ndiye atakwenda kukipokea stendi ya Nyegezi huko Mwanza, na kuna mche wa sabuni katikati ya mchele, mwambie atafute asije akaumwaga.

Mama yako