"Kijijini Hawaangalii Vyeti": Jibu kwa Mwalimu Anayetaka Kwenda Thailand

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nina shahada ya ualimu, masomo ya Kiingereza na Kiswahili. Nilimaliza 2022 na ajira sijapata. Kuna wakala anasema shule za vijijini kaskazini-mashariki mwa Thailand zina uhaba mkubwa wa walimu wa Kiingereza, kwa hiyo hawaangalii sana vyeti. Anataka shilingi milioni 4: tiketi, viza ya matembezi, na cheti cha kufundisha Kiingereza cha saa 120 nitakachokipata mtandaoni kwa siku mbili. Kibali cha kazi anasema kitashughulikiwa nikifika. Nilipe? (Mwalimu, Singida)

JIBU: Marahaba, mwalimu mwenzangu. Usilipe. Kama umeshatanguliza chochote, dai risiti leo hii.

Uhaba wenyewe ni wa kweli. Nimefundisha miaka mitatu mkoa wa Surin, karibu na mpaka wa Kambodia, shule ya serikali iliyozungukwa na mashamba ya mpunga. Saa mbili kamili asubuhi unapigwa wimbo wa taifa, bendera inapanda, watoto wamesimama mistari uwanjani. Baada ya hapo nilikuwa naingia darasani kwa watoto arobaini na ushee. Wengi nyumbani kwao wanaongea Kikhmeri, lugha ya Kambodia, shuleni wanakuta Kithai, na mimi nawaletea lugha ya tatu. Wewe uliyekua na Kinyaturu, ukasoma msingi kwa Kiswahili na sekondari kwa Kiingereza, unajua mtoto wa namna hiyo anakwama wapi. Kazi hiyo unaiweza.

Kinachoniumiza ni hayo maneno kwamba kijijini hawaangalii vyeti. Nayasikia kila wiki, na kila mara yanatoka kwa mtu anayetaka pesa. Sheria ya Thailand ni moja, Bangkok na shambani. Mwalimu mgeni anahitaji viza ya Non-Immigrant B, kibali cha kazi, na ruhusa ya Khurusapha, yaani baraza la walimu la nchi hiyo. Asiye na leseni yao huombewa ruhusa ya muda ya miaka miwili, na anayeiomba ni shule. Shahada ni lazima. Tena Bangkok wageni ni wengi, mtu anaweza kupotea katikati yao. Wilayani kwangu mgeni nilikuwa mmoja. Muuza supu sokoni alijua nafundisha wapi, sembuse afisa uhamiaji.

Kwa hiyo fuata mlolongo huu. Kwanza inapatikana shule. Shule inakuandikia barua na kukutayarishia nyaraka. Nyaraka hizo ndizo zinazokupatia viza ya Non-B ubalozini, na kwetu Watanzania ubalozi wa Thailand unaotuhudumia uko Nairobi. Ukifika, shule inakamilisha kibali cha kazi. Ni kweli mtu aliyeingia kwa viza ya matembezi anaweza kuomba kubadilishiwa akiwa ndani ya nchi, lakini ni pale shule ikiwa tayari na makaratasi yote na siku zake za kukaa hazijakaribia kwisha. Huyo wakala wako hajakutajia shule. Bila shule hakuna wa kukuombea hicho kibali. Ukikamatwa unafanya kazi bila kibali, faini ni baht (sarafu ya Thailand) 5,000 hadi 50,000, unarudishwa kwenu, na kwa miaka miwili huwezi kupewa kibali.

Mwaka jana kijana mmoja aliniletea "barua ya shule" aliyotumiwa na wakala. Niliiweka mezani tukaisoma pamoja. Ilikuwa Kiingereza mwanzo mwisho, muhuri umefifia kingo kama kitu kilichonakiliwa kutoka skrini, na namba ya shule ilikuwa ya simu ya mkononi. Barua rasmi ya shule ya serikali ya Thailand huandikwa Kithai, juu kabisa ina nembo ya Garuda, yule ndege wao wa kifalme, na tarehe ni ya kalenda ya Kibudha: mwaka wetu wa 2025 kwao ni 2568. Barua ile haikuwa na hata kimoja kati ya hivyo. Kijana alikuwa ameshauza pikipiki.

Kuhusu cheti cha saa 120: hakuna chombo kimoja duniani kinachosimamia vyeti hivyo, ndiyo maana yeyote mwenye tovuti anaweza kukuuzia. Saa 120 haziingii kwenye siku mbili, hilo hata hesabu ya darasa la pili inakataa. Linganisha na CELTA, cheti cha Cambridge cha kufundisha Kiingereza: saa zake 120 zina saa sita za kufundisha wanafunzi halisi huku mkufunzi akikutazama na kukupima. Wewe una shahada ya ualimu na umefanya TP, yaani mazoezi ya kufundisha, mbele ya wanafunzi wa kweli. Wakala hakukwambia kwamba hiyo ndiyo mali yako, kwa sababu hawezi kukuuzia kitu ulichonacho. Unachokosa ni uthibitisho wa Kiingereza, kwa kuwa pasipoti yetu haihesabiki kama ya mzawa wa lugha hiyo. Shule nyingi hutaka alama 600 za TOEIC, mtihani wa kupima Kiingereza. Mwingine wa aina hiyo, IELTS, unafanyika Dar es Salaam. Iulize shule inapokea upi kabla hujalipia mtihani.

Muhula wa kwanza huanza katikati ya Mei na wa pili huanza mwishoni mwa Oktoba au Novemba, kwa hiyo shule hutafuta walimu zaidi Machi, Aprili na Oktoba. Andikia shule moja kwa moja, kisha omba simu ya video na mkuu wa idara ya Kiingereza akiwa shuleni, saa za kazi. Mshahara vijijini mara nyingi ni kati ya baht 20,000 na 35,000 kwa mwezi, na sisi tusiohesabiwa wazawa wa Kiingereza hupewa ule wa chini. Uliza pia mkataba ni wa miezi 10 au 12, maana wa 10 hukuacha likizo ndefu bila mshahara.

Nawaandikia na wengine mnaosoma hapa. Mtu akikuuzia nafasi ya EPIK, mpango wa serikali ya Korea Kusini wa kuajiri walimu wa Kiingereza, fahamu kwamba unapokea raia wa nchi saba tu, na ya Afrika ni Afrika Kusini peke yake. Na Thailand kuna hatari kubwa kuliko kuliwa pesa. Wakenya, Waganda na Waethiopia walioahidiwa kazi nzuri huko wamepelekwa mji wa mpakani wa Mae Sot, wakavushwa mto Moei hadi Myawaddy, Myanmar, wakafungiwa kwenye makambi ya utapeli wa mtandaoni. Mwanzoni mwa 2025 walitolewa humo watu maelfu. Wengi walianza safari kama unayotaka kuanza wewe: tiketi mkononi, viza ya matembezi, mwajiri asiyejulikana.

Muulize wakala vitu viwili: leseni yake kutoka kwa Kamishna wa Kazi, na jina la shule kwa Kithai. Akikupa jina, nitumie. Nitawapigia shule mimi mwenyewe, Kithai changu bado kinatosha kwa hilo.