Mafao ukiacha kazi serikalini kabla ya kustaafu

Dada, kwa kuwa unaacha kazi serikalini kabla ya umri wa kustaafu na unauliza uanzie wapi, anzia kwenye jina. Linganisha barua ya ajira, kitambulisho na akaunti ya benki, herufi kwa herufi. "Mwanaisha" huku na "Mwana Aisha" kule vinatosha kulaza faili lako miezi. Kisha omba taarifa ya michango yako kwenye mfuko wa pensheni ukiwa bado kazini. Kama kuna mwezi ambao mchango wake haukuwasilishwa, mwajiri ndiye wa kubanwa, na ukishaondoka nani atakuharakishia? Fomu yenyewe ya kudai mafao ni kazi ndogo. Ila usikimbilie kuchukua fedha zote kwa mkupuo; uliza kwanza umebakiza muda gani kufikia sifa ya pensheni ya kila mwezi.