Maswali yenu kuhusu Beatrice Medicine, mwanaanthropolojia wa Kilakota

Kuna wanaoandika Mlakota, wengine Msioux. Lipi sahihi?

Yote mawili. Walakota ni wenyeji wa asili wa Marekani Kaskazini, ila Sioux ni jina la kupewa na watu wengine. Alizaliwa Agosti 1923 Wakpala, kwenye Standing Rock, ardhi waliyotengewa wenyeji hao huko South Dakota, Marekani, akafariki Desemba 2005.

Mbona uzamivu aliupata 1983, akiwa na miaka 60?

Msimhesabu kuwa alianza kazi mwaka huo. Shahada ya kwanza ni ya 1945, uzamili 1954. Katikati alifundisha vyuo vingi vya Marekani na Kanada, na 1974 alitoa ushahidi wa kitaalamu mahakamani Lincoln, Nebraska, katika shauri lililohusu mkataba wa 1868 kati ya Wasioux na serikali ya Marekani.

Kuwa mwenyeji kulimfaa nini katika utafiti?

Tazama majina ya undugu, yaani namna jamaa wanavyoitana. Kwa Kilakota baba ni *ate*, na ndugu wa kiume wa baba naye ni *ate*. Mama ni *ina*, na dada yake pia ni *ina*. Dada wa baba ni *tunwin*. Kaka wa mama, *lekshi*. Aliyelelewa na baba wadogo, mama wakubwa, shangazi na wajomba haoni ajabu hapo. Mgeni anayeandika kila *ate* kuwa mzazi humpa mtoto mmoja baba watatu, na hesabu yote ya kaya inaharibika. Viishio navyo vina mtego: *yelo* mwishoni mwa kauli ni ya wanaume. Mtafiti wa kiume aliyefundishwa na akina mama watupu atasikika akisema kike.

Lakini jina la undugu hufunga pia. Ukishamwita mtu *lekshi*, yeye ni mjomba, na siri zake unazichunga kama za mjomba. Medicine aliubeba wajibu huo waziwazi, na kwangu hilo ndilo kubwa kuliko shahada zote.

Utafiti wake wa pombe ulihusu nini?

Ndio uliompa uzamivu. Wengine waliishia kuuliza kwa nini watu wanakunywa. Yeye aliwafuata hata walioacha, ajue waliachaje. Kitabu chake kilitoka 2007.

Nisome kipi kwanza?

Mkusanyiko wa makala zake wa 2001. Kisha kitabu cha 1983 alichohariri na Patricia Albers kuhusu wanawake wenyeji wa nyanda kubwa za Marekani Kaskazini, wakiwemo waliokwenda vitani. Usiiache makala yake juu ya Ella Deloria, mtafiti wa Kidakota (Wadakota ni Wasioux pia) aliyemtangulia, aliyekulia Wakpala hiyohiyo.