Kutembea kwa Mwenye Ugonjwa Sugu wa Mapafu

Mwenye ugonjwa sugu wa mapafu huogopa kutembea kwa sababu kila hatua humkumbusha kwamba pumzi haimtoshi, nami ninayeishi na ugonjwa huu naielewa hofu hiyo vizuri. Hata hivyo, kukaa ndiko kunakozidisha taabu: misuli ya mapaja isiyofanya kazi hudhoofika, ikachoka upesi, na mgonjwa huanza kuhema mapema kuliko zamani, kisha akazidi kujifungia ndani. Kutembea hakuponyi mapafu yaliyoharibika, bali huizoeza misuli kuitumia vyema oksijeni inayoifikia.

Kabla ya kuanza, mwone daktari au mtaalamu wa fiziotherapia. Huenda akakutembeza kwa dakika 6 ili aone umefika wapi na oksijeni katika damu imeshuka kiasi gani. Mimi kipimo hicho kilinituliza kuliko maelezo yoyote, kwa kuwa nilihema sana mbele ya mtu anayeijua kazi yake, naye hakushtuka.

Jambo linalostahili mazoezi mengi ni pumzi yenyewe. Vuta hewa kwa pua ukihesabu hadi mbili, kisha itoe polepole kupitia midomo iliyobanwa, kama anayepuliza mshumaa bila kuuzima, ukihesabu hadi nne. Kubana midomo huzuia njia nyembamba za hewa zisifunge mapema, hivyo hewa iliyonaswa mapafuni hupata nafasi ya kutoka. Kwenye ngazi, panda wakati wa kutoa pumzi, wala usiibane kamwe.

Mwendo unaofaa ni ule unaokuhemesha lakini ukaweza bado kusema sentensi fupi. Pumzika kabla hujalazimika, kisha endelea. Dakika chache zilizogawanywa kwa mapumziko ni mazoezi kamili. Kigari cha kutembelea, kile unachokisukuma mbele yako, nacho kisionewe haya, kwani kuegemea mbele huku mikono imeshikilia hupunguza kuhema kwa wengi wetu.

Ukipata maumivu ya kifua, kizunguzungu, au midomo ikabadilika rangi kuwa ya samawati, simama na utafute msaada.

Programu nyingi za urekebishaji, yaani mazoezi na mafunzo ya wagonjwa wa mapafu chini ya wataalamu, huchukua wiki 6 hadi 12, lakini nguvu iliyopatikana hupotea taratibu mtu akiacha. Ugonjwa ukikulaza, muulize daktari mapema siku ya kuanza tena, na uanze na umbali mfupi kuliko uliouzoea.