Nikikupa pipi, lazima niipokee ikirudi

Swali la wiki hii: duka likikosa chenji, ni haki kumpa mteja pipi? Mimi nina duka la rejareja, na jibu langu ni kwamba ni haki endapo tu mwenye duka yuko tayari kuipokea pipi hiyo hiyo siku mteja akija kununulia kitu.

Hili nilifundishwa na mama mmoja jirani. Alikuja jioni, akafungua kiganja juu ya kaunta: pipi nne, karatasi zake zimeanza kunata. "Mwanangu, hizi umenipa wewe, kila moja hamsini. Sasa nipe viberiti viwili." Nikampa. Vijana waliokuwa nyuma yake walicheka, lakini hesabu yake ilikuwa sahihi kabisa.

Uingereza iliwahi kuumwa na ugonjwa huu, tena vibaya. Baada ya 1775 serikali iliacha kupiga sarafu za shaba, na zilizobaki mikononi mwa watu nyingi zilikuwa za bandia. Ukaguzi wa 1787 ulikuta kwamba katika kila nusu peni 100, kama 8 tu ndizo zilizofanana angalau kidogo na sarafu halali za mfalme. Wakati huohuo viwanda vilikuwa vinaajiri watu wengi wa mshahara mdogo. Mwajiri asiye na chenji aliweza kuwapa wafanyakazi kadhaa noti moja kubwa wagawane wenyewe, nao wakaenda kuivunja kilabuni, ambako sehemu ya jasho lao ilibaki kwenye bia. Hilo linaniuma kuliko pipi yoyote.

Waliotangulia kutafuta njia walikuwa wenye shaba yenyewe. Mwaka 1787 kampuni ya mgodi wa Parys, kisiwani Anglesey huko Wales, ikiongozwa na mwanasheria Thomas Williams, ilianza kupiga peni zake. Ni kipande kizito, karibu gramu 28. Upande mmoja kuna kichwa cha kuhani wa kale mwenye ndevu, kazungushiwa majani ya mwaloni. Upande wa pili kuna herufi za kampuni zilizosukwa pamoja, na maneno ya kuahidi kumlipa mwenye kipande hicho peni moja. Ukikigeuza ubavu, unasoma pa kwenda kulipwa: London, Liverpool au Anglesey.

Huo ubavu ndio ninaoupenda. Mtu alijua mlango wa kubisha.

Wengine waliiga haraka. John Wilkinson, tajiri wa viwanda vya chuma, aliweka sura yake mwenyewe kwenye vipande vyake. Kisha wakaingia walaghai waliotoa vipande vyepesi, vingine vyenye jina la mtu asiyekuwepo au ubavu mtupu usio na anwani. Hizo ndizo pipi zetu. Mwaka 1797 serikali ilimpa kazi Matthew Boulton wa Birmingham apige peni halali za shaba kwa mashine zake za mvuke. Uhaba uliporudi, mnamo 1811 na 1812, vipande vya watu binafsi vilirudi pia, hadi sheria ya 1817 ilipovipiga marufuku.

Kwetu nako kampuni iliwahi kuweka jina lake kwenye shaba, ingawa hiyo ilikuwa na baraka za dola yake. Pesa za Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki, kuanzia 1890, zina tai upande mmoja na jina la kampuni kwa herufi za Kiarabu upande wa pili, maana watu wa pwani walizisoma hizo. Pesa 64 zilifanya rupia moja.

Dukani kwangu pipi sasa ni za kuuza tu. Nikikosa chenji naandika kikaratasi: kiasi, tarehe, muhuri wa duka. Anayekileta namlipa, hata kama si yeye niliyempa. Vitatu bado havijarudi. Hela yake, shilingi 450, iko kwenye kopo chini ya kaunta.