Moyo ukianza kwenda mbio USIFANYE hiyo pumzi ya haraka haraka

Wee subiri kwanza. Umesema kocha kakupa programu ya yoga ya siku 30, na moyo ukianza kudunda ghafla ufanye bhastrika, zile pumzi za kuvuta na kusukuma kwa nguvu. Usithubutu. Mimi nilifanya hivyo hivyo, tena kwa kulipia.

Nipo Mtwara, karani wa chama cha msingi cha ushirika wa wakulima. Oktoba msimu wa korosho ukifunguliwa simu haipoi, kila mkulima anauliza hela ya mnada inaingia lini, usiku silali, kifua kinabana. Nikaunganishwa na jamaa wa grupu la WhatsApp anajiita mwalimu wa yoga, picha ya profaili kakunja miguu ufukweni utadhani kaianzisha yeye, akanambia wasiwasi ni mwili kukosa oksijeni, ukibanwa vuta nyingi vuta kwa kasi. Nikavuta. Usiku, peke yangu chumbani, moyo tayari unakimbia. Midomo ikafa ganzi, kichwa chepesi, nikamwandikia, akajibu ni sumu zinatoka ongeza kasi, na mimi kichwa maji nikaongeza. Vidole vikajikunja vyenyewe vikagoma kukunjuka, simu ikadondoka, nikajua ndo kiharusi hiki. Majirani hapa Chikongola wakajua nimepandisha mashetani, mama mwenye nyumba keshaleta chetezo cha ubani (ulikuwa na faida kuliko ushauri wa yule bwana), nikapakiwa kwenye bajaji, mwanaume mzima nimefungwa kanga yake.

Moyo ukapimwa, mzima. Daktari akasema oksijeni ninayo tele, ila ukihema kwa kasi unatoa kabonidayoksaidi kupita kiasi, ikishuka kwenye damu ndo hiyo ganzi, kizunguzungu na vidole kukakamaa, halafu dalili zinakutisha unazidi kuhema. Nesi akanambia toa pumzi polepole kama unapoza uji. Vipimo nikalipa mimi, "mwalimu" nikamuuliza, akanitoa kwenye grupu. Sumu imetoka kweli.

Kwa hiyo shika hii moja tu: pumzi ya kutoka iwe NDEFU kuliko ya kuingia. Vuta kwa pua ukihesabu sekunde 4, toa ukihesabu 6, tumbo ndo lipande sio mabega. Hapo ni pumzi 6 kwa dakika, na kule kutoa taratibu ndo kunakotuliza mapigo. Fanya kila siku ukiwa mzima, usingoje ubanwe ndo ujifunze. Mimi nafanya nikitembea Shangani jioni, hata pale kwenye mizani watu wakigombania foleni, hakuna anayejua. Bhastrika hata walimu wa yoga wanaojielewa hawampi mwenye presha wala mjamzito, huyo wako kakuuliza chochote?

Mengine uliyouliza, sijui mkeka gani, sijui asubuhi au jioni, nimeshasahau, mimi natumia jamvi. Ila vidonge vya hospitali usiviache ghafla kisa umeanza yoga, rudi kwa aliyekuandikia. Na kama hicho kifua hujawahi kukipima, kapime kwanza, usijitibu kwa maneno ya jukwaani, haya yangu yakiwemo.