Handibreki ya Vitz inapanda hadi juu na gari bado linarudi nyuma mlimani

Mkuu usianze kukaza ile nati ya waya pale kwenye mkono wa handibreki, anza na breki shuu za nyuma (vile vipande vinavyobana dramu kwa ndani; dramu ni lile bakuli la chuma linalozunguka na tairi). Mara nyingi shuu zimelika zimekaa mbali na dramu, sasa ukikaza waya tu inashika siku chache unarudi palepale, au shuu zinaburuza dramu inachemka mpaka unasikia harufu. Zuia matairi ya mbele kwa mawe pande zote, shusha handibreki, piga jeki nyuma na uweke stendi. Nyuma ya dramu kuna kitundu kimezibwa na mpira, ingiza bisibisi uzungushe kile kigurudumu cha meno kinachosogeza shuu karibu na dramu, mpaka tairi likwaruze, kisha rudisha kidogo lizunguke huru. Fanya pande zote mbili, hapo ndo uguse waya. Handibreki yangu ukiipandisha ilikuwa inalia "tik" mara 12, baada ya hapo ikashika kwenye 7 bila kununua kitu. Ila ukikuta shuu zimelowa mafuta ya breki basi silinda ya tairi inavuja, usiliendeshe kabisa, ita fundi.